Uvimbe Uliorudi Kusomwa

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alifumua kwa mara ya tatu mshono wa paja la kushoto la suruali ya kazi ya mdogo wake. Mara ya kwanza aliongeza upana wa kidole kimoja. Mara ya pili, vidole viwili. Sasa kitambaa alichokuwa amekiacha ndani ya mshono kilikuwa kimekwisha, ikambidi atafute kiraka. Paja la kulia halikuwa limebadilika hata kidogo. Vipimo vyote alikuwa ameviandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza herufi kwenye darasa la jioni akiwa na miaka arobaini na sita.

"Vua," alimwambia.

"Dada, mimi si mtoto."

"Vua nikupime, au uende kazini na shuka."

Mdogo wake alikuwa fundi rangi, mrefu kiasi kwamba watu walimwita Ngazi. Akavua. Ndani kabisa ya nyama ya paja palikuwa na kitu kigumu kisichosogea kilipobonyezwa. Hakikumuuma. Fundi cherehani alikipima kutoka ukingo hadi ukingo. Sentimita tisa. Miezi miwili nyuma zilikuwa sita.

"Mtu gani ananenepa mguu mmoja?"

"Utajiri ukija huanzia popote," Ngazi alisema.

Walikwenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari alikuwa mtu mchangamfu mwenye foleni ndefu. Alibonyeza paja kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua embe sokoni, akasema, "Mafuta."

Fundi alifungua daftari. "Daktari, kinakua. Halafu kiko ndani ya nyama, hakiko juu chini ya ngozi."

"Mama, wewe unashona nguo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekuja kukufundisha kushona?"

Watu wa kwenye benchi walicheka. Daktari hakuagiza picha, wala hakuchukua kwanza uzi wa nyama kwa sindano ili ukaangaliwe. Alikata mchana uleule, kwa muda usiofika nusu saa. Kilichotoka kilitupwa kwenye ndoo nyuma ya jengo, maana faili lilikwisha kusema ni mafuta, na mafuta hayapelekwi maabara.

Fundi alimshukuru Mungu pale koridoni, kama alivyolelewa. Lakini moyo wake haukutulia. Kwa miaka thelathini hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa ambacho hajakipima, hata kile cha kushonea mifuko ya ndani. Na kitambaa kikiharibika, kinanunuliwa kingine.

Siku ya nne, saa kumi jioni, mlango uligongwa. Uvimbe ulikuwa umesimama kizingitini. Ulikuwa mkubwa kupita ngumi ya mwanamume, wa kijivu kilichochanganyika na rangi ya waridi, na umejaa vumbi la njiani. Fundi aliukaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni, akautilia maji safi kwenye beseni.

Jirani aliyekuja kuchukua gauni lake aliuona. "Umerudi? Umekuja na nini?"

"Nimebiringika," uvimbe ulisema.

"Pole. Hospitali gani hiyo isiyokupa hata karatasi ya kujifunga!" Akajaribu gauni lake, akaondoka.

Uliponawa, uvimbe ulimgeukia fundi. "Sijasomwa," ulisema.

Fundi alielewa mara moja. Kwa miaka arobaini na sita aliishi kati ya maandishi yaliyomhusu asiyoweza kuyasoma, na alijua hasara yake.

Ngazi alitoka chumbani akiburuta mguu wenye bandeji. "Dada, huyu ndiye aliyekuwa ananila, na wewe unampa beseni jipya?"

"Ni mimi," uvimbe ulisema kwa upole. "Sijakana. Lakini nimekuja peke yangu. Wenzangu wamebaki mguuni. Kisu kilitupasua katikati, wakatawanyika."

Ngazi aliketi.

"Mnaitwa nani?" fundi aliuliza, akachukua penseli.

"Sarkoma."

"Taratibu. Herufi mojamoja."

Uvimbe ulitaja herufi, naye akaandika. "Hilo ni jina la ukoo, ukoo wa saratani za nyama na mifupa," ulisema. "Ukoo wetu una majina zaidi ya hamsini, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwingine. Jina langu lenyewe silijui. Mimi ni wa kutazamwa kwa hadubini."

Alfajiri fundi alipiga magoti kando ya cherehani. "Mungu wangu," alisema, "sikuombi muujiza. Muujiza umekaa kwenye beseni. Nakuomba mtu mmoja tu wa kuusoma."

Kisha akafunika beseni kwa kitambaa, wakaenda wote watatu.

Karani wa maabara alikuwa kijana mwenye adabu. "Mama, hatupokei kilicholetwa na mgonjwa. Tunapokea kilicholetwa na daktari."

"Hakikuletwa na mgonjwa. Kimejileta chenyewe."

Karani alipekua fomu zake zote, kwa haki kabisa. "Hiyo haina fomu," alisema.

Daktari aliwapokea vizuri. Aliutazama uvimbe, akautambua. "Hujambo? Wewe ni wa Jumatatu."

"Sijambo. Naomba uniandikie barua nisomwe."

"Faili lako limefungwa," daktari alisema. Alifikiri kidogo, na alichosema baadaye alikisema bila ubaya wowote. "Nikiandika leo kwamba usomwe, nitakuwa nimeandika kwamba siku ile sikukusoma."

"Ndivyo ilivyokuwa," fundi alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini haijaandikwa."

Akawaambia warudi kama kitu kitaota tena mguuni.

Walirudi kila wiki bila kungoja kiote. Uvimbe ulichukua namba ya foleni kama wengine, na watu wa kwenye benchi walisogea kuupisha. Bibi mmoja mwenye kikohozi aliuzoea hata akawa anaushikia nafasi. Kila wiki namba yao ilipofika, mlangoni waliulizwa kama kuna kitu kipya, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kipya ila kile cha zamani, walirudishwa nyumbani. Wiki ya sita fundi alipima chini ya kovu: sentimita nne. Wiki ya nane: saba. Hapo daktari akaandika barua ya kwenda hospitali kuu. Aliandika, "Uvimbe mpya."

Hospitali kuu ilikuwa mwendo wa siku mbili. Huko maabara ilikuwa na mama mmoja mfupi mwenye miwani minene, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma nyama za watu. Aliuomba uvimbe ruhusa kabla ya kukata kipande chembamba. Alikitia rangi, akakiinamia kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua miwani, akataja jina lote, refu, na fundi akaliandika herufi kwa herufi. Uvimbe ulisikia jina lake. Ukashukuru, ukaaga, ukaingia wenyewe ndani ya chupa.

"Huyu angenifikia akiwa mzima mguuni," mama wa maabara alisema, "kwa uzi mmoja wa sindano na picha ya paja lote, tungejua pa kukata kabla ya kukata. Angetolewa mara moja, na nyama nzima ikiwa imemzunguka pande zote. Kwa mahali alipokuwa, mguu ungebaki."

"Na sasa?"

"Sasa kila mahali kilipopita kisu, wenzake wamepita."

Ngazi alikuwa ameshika goti lake la kushoto kwa mikono miwili.

Walimkata mguu juu, karibu na nyonga. Alipozinduka, dada yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, anasali kimoyomoyo.

"Dada."

"Naam, mdogo wangu."

"Ngazi ya mguu mmoja haipandi mtu."

Dada yake alimfunika shuka.

Mwezi uliofuata fundi aliipeleka barua ya mama wa maabara kwa daktari yule. Daktari aliisoma yote, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Pole sana, mama. Ugonjwa adimu sana huu."

"Umejuaje kuwa ni adimu," fundi aliuliza, "na wewe hujapeleka hata mmoja ukasomwe?"

Daktari aliitia barua kwenye faili, na faili akalirudisha kabatini. "Anayefuata," aliita.

Fundi alitokea mlango wa nyuma, maana macho yalimjaa machozi na hakutaka watu wa benchi wamwone. Kule nyuma, kando ya ndoo, kulikuwa na kibanda kipya cha mabati. Uvimbe wengine kumi na mmoja wasiosomwa walikuwa wameketi chini yake, wakubwa kwa wadogo. Mfanya usafi alimweleza kwamba kamati ya hospitali ilikutana mara mbili juu yao. Iliona si vizuri wanyeshewe mvua, ikawajengea kivuli. Ombi la sindano za kuchukulia nyama lingali linasubiri kikao.

Mwanamume mmoja alitoka mlango uleule, mkono umefungwa bandeji kuanzia bega, uso unang'aa kwa furaha. Nyuma yake alitoka uvimbe, bado umelowa.

"Baba," fundi alimwita, "huyo hapo nyuma yako. Mbebe umpeleke akasomwe leo. Usingoje."

Mwanamume aligeuka, akautazama. "Daktari amesema mafuta, mama. Mafuta tu."

"Huenda ni mafuta kweli. Basi akasomwe, iandikwe kuwa ni mafuta."

"Ah, mama, nimeshapona. Mungu ni mwema."

"Ni mwema," fundi alisema. "Si Yeye aliyekukata."

Lakini mwanamume alikwisha kuondoka kwa hatua ndefu kuelekea barabarani. Uvimbe ulimwacha atangulie kidogo, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake mbele za watu, kisha ukaanza kubiringika nyuma yake.