Marehemu Muhindo na Mbegu za Emérence

Emérence alikuwa akifunga mbegu za maharage kwenye kitenge ili akimbie, Muhindo alipotoka dukani mwake pale Bihambwe akiwa na tundu la risasi kifuani. Waliomuua walikuwa bado ndani, wakigawana sukari. Muhindo alimsalimu. Emérence aliitikia kwa shingo upande, maana mfanyabiashara huyo alinunua maharage ya watu kwa kopo aliloligonga kitako mpaka likatokeza nje, limeze zaidi.

"Mama Emérence, uko unaenda wapi?"

"Walikale."

"Tuende bote. Njia ya kwetu Butembo inafungwa, na hapa hakuna mutu wa kunizika na kunililia."

Mfu asiyezikwa na kuliliwa angetembea tu bila kupumzika, na viatu vya Muhindo vilikuwa vya kusimamia dukani.

Msituni njaa iliwabana. Wakimbizi wenzao walichemsha mbegu zao, wakikwepa kutazamana. Emérence alilifungua fundo lake, akalifunga, akalifungua tena. Mwishowe akamkabidhi Muhindo.

"Beba weye. Weye hausikie tena njaa."

"Leo unaniamini?"

"Mufu hana kopo."

Muhindo alicheka mpaka akashika mti. Tangu hapo wakapatana. Mvua iliponyesha, Emérence alimziba tundu kwa majani ya mgomba, na penye matope Muhindo alimshika mkono. Kwenye kizuizi, vijana wenye bunduki walimkagua Muhindo, wakaona ameshauawa, wakampitisha. Emérence walimchotesha maji kwanza.

Walikale, mama mmoja aitwaye Brigitte aliwapa kipande cha shamba kando ya barabara. Emérence alipanda maharage yote, kisha akachimba kaburi pembeni. Muhindo akavua viatu, akajilaza, akakunja mikono. Emérence akaanza kumlilia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa amempenda kama kaka na ilimuuma kumfukia. Alimtaja baba wa Muhindo na watoto wake, aliosimuliwa njiani, akalitaja na lile kopo, akamsamehe.

Udongo ulikuwa umefika magotini bunduki ziliposikika barabarani. Brigitte alipita akikimbia, godoro kichwani.

Muhindo akaketi, akajipangusa.

"Tuende, dada."

"Sijamaliza kukulilia."

"Utamalizia mu njia."

Maharage waliyaacha ardhini. Emérence aliendelea kulia akitembea, na kila aliposahau jina la mtoto mmojawapo wa marehemu, marehemu mwenyewe, kando yake, alimkumbusha.