Saini Iliyofanana Mno

Nikutegee, mjukuu wangu: kitu gani hutoka mkononi mwako, lakini kikifanana mno na cha jana huambiwa si chako?

Ni saini. Babu yako alitaka kiwanja chetu kiwe cha mama yako yeye mwenyewe angali hai, na kompyuta ya ofisi ya ardhi ikaikataa saini yake tena.

"Mzee," karani akasema, "mashine inaona umefuatisha ya zamani, kona kwa kona. Mkono wa mtu hauendi hivyo. Kwa nini unajiiga?"

Miguu ilikuwa ikiniwaka kwa kusimama, nikamtania babu yako, "Kumbe unajighushi?"

Akakitazama kitambulisho chake kiganjani.

"Nimeisahau, mama watoto," akasema. "Siku hizi naitazama hapa ndipo naiandika."