Asubuhi ya Kumsindikiza Pongo

Mzee arap Maritim hakusema neno. Aliinyooshea kidole aproni yangu, kisha akaonyesha chini, kama mtu anayefukuza kuku.

Ilikuwa aproni ya plastiki ya manjano, ile ya kuchumia chai. Sisi tuliozaliwa kwenye kambi za wachumaji hatuingii penye umande bila hiyo. Lakini kila hatua niliyopiga ililia kwarakwara, na mbele yetu, ndani ya chai iliyogeuka msitu, pongo alikuwa amelala na masikio yake wazi. Nikaivua, nikaitundika kwenye kisiki. Umande wa Kimulot ukanipokea kuanzia kifuani hadi kwenye soksi. Nikafungua mdomo niseme ni baridi. Mzee akanitazama. Nikaufunga.

Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti. Nikinyamaza asubuhi nzima, ataongea na watu wangu. Nikitoa sauti hata moja, nikatafute msichana kwingine.

Labda hujui hilo lilikuwa jambo zito kiasi gani. Jina langu ni Okemwa, lakini wakati ule, kutoka Boito mpaka Sigowet, ungeuliza Spika. Shule niliiacha mapema, baba alipovunjika mgongo kazini na ofisi ikamwambia apumzike, bila kusema atapumzika akila nini. Sheria nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia nyama: nasoma kipande cha ukurasa, kisha nangoja baba apate nusu kilo nyingine ndipo nijue kesi iliishaje. Mashine za kuchuma chai zilipoletwa, zikaanza kula kazi ya akina mama kama viwavi, nilipanda juu ya kreti nikasema mpaka koo likachubuka. Nikafukuzwa. Nikaenda shamba lingine, nikasema, nikafukuzwa. Sijasahau. Namjua aliyenipigia makofi mchana na jioni akapeleka jina langu ofisini. Hata shati alilovaa nalijua.

Nelvine nilimpata kwa ugomvi. Alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununua majani, nami nilikuwa naihutubia foleni nzima kuhusu uzito unaokatwa eti ni maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemaliza? Basi songa, kuna mama nyuma yako ako na mtoto mgongoni." Nilimpenda hapo hapo, na hasira zangu zote.

Kwa baba yake nilienda nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba ya Mkisii na Mkipsigis kunywa maji ya mto mmoja, hotuba nzuri, yenye tarehe. Sikupata pa kuitolea. Mzee hakuwa na neno na kabila langu. "Huyu kijana ni redio," alimwambia binti yake nikiwa nimekaa pale pale. "Redio ni kitu mzuri. Lakini lazima ikuwe na mahali ya kuzima."

Wiki hiyo ndipo pongo alipotoka msituni. Huyu ni swala wa vichakani, wa kahawia iliyokolea, ana madoa meupe mbavuni kama aliyerushiwa chokaa. Alitoka kwa sababu kule juu miti ilikuwa imekatwa, na waliokata walikuja na malori na vibali. Wangekuja na punda wangeitwa wezi. Akajificha kwenye chai ya zamani ya mzee, ambayo haikuguswa tangu mama yake Nelvine afariki, ikapanda ikawa miti, ikashikana na miiba na kamba za msituni. Akawa anakula maharagwe ya watu. Gordon, jirani wa mzee, akatangaza kwamba Jumamosi ataleta mbwa. Sheria ya wanyamapori ipo, ila askari wake wako mjini Kericho, na nyama iko hapa.

Lakini pongo ndiye mnyama wa ukoo wa arap Maritim, tiondo yao. Mtu wa ukoo huo hamli, na akimkuta shambani kwake hakubali auawe. Wala hamfukuzi, maana atakimbilia kwa jirani, na aibu ibaki na wewe. Anamsindikiza mpaka msituni, kama mgeni. Kazi hiyo inataka watu wawili, na wana wa mzee wote wako Qatar.

Wawindaji wote niliowahi kuwasikia humwendea mnyama upepo ukiwapiga usoni. Sisi tuliufanya utupige mgongoni. Unangoja jua lipashe bonde joto, upepo uanze kuvuma kuelekea msituni, ng'ambo ya mto, kisha unaukabidhi harufu yako. Pongo anakunusa kwa mbali, anainuka bila haraka, anasogea. Unasimama mpaka atulie. Unasogea tena. Harufu ya mtu ataivumilia. Sauti ya mtu inamrusha kama risasi, na hapo hujui ataangukia wapi. Nelvine alikuwa amenikataza kuoga tangu juzi. Wachumba wengine huambiwa wavae tai.

Mzee alishika upande wa mto, mimi upande wa njia, tukaingia. Mchana uliishia mlangoni. Ndani kulikuwa kijani tu, kijani juu ya kijani, na matone yakianguka kutoka jani hadi jani kama watu wanaonong'onezana habari zangu. Mikono niliitanguliza kama kipofu. Mashina ya chai ambayo maisha yangu yote niliyaona yakinifika kiunoni yalinipita kichwa, meupe kwa ukungu wa magome, na nikawaza, kumbe huu mti ukiachwa huwa hivi. Mahali fulani mbele yangu kijiti kilivunjika. Nikasimama. Kukatulia. Nikasogea.

Mara mbwa akabweka. Mara moja, kavu, karibu kabisa.

Damu ikanipanda. Gordon! Hakungoja Jumamosi, mwizi wa siku. Kifua kilijaa hewa chenyewe. Nilikuwa na sentensi ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Nilipokwisha kufungua mdomo, majani mbele yangu yakaachana na nikamwona: dume, pembe zimejisokota kidogo, miguu ya mbele ameikaza, jicho moja jeusi limenitazama kama hakimu. Akabweka tena. Ni yeye. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba pongo hubweka. Kambini vitu vyote vinavyobweka vina mwenyewe.

Nikaimeza ile hewa yote. Iliteremka kama kiazi cha moto. Pongo akageuka, akapiga hatua chache kuelekea mtoni, akasimama.

Ndipo Gordon mwenyewe akatokea, juu kwenye njia, jembe begani. Mbwa hakuwa nao. Alikuwa na mdomo.

"Ee, Spika," akaita. "Leo stima imepotea?"

Nikasimama kama shina.

"Nakuongelesha, bwana. Nasikia siku hizi unachunga swara. Ulitetea akina mama, wakafutwa. Sasa umepata mtu hawezi futwa." Akacheka, akaegemea jembe. "Ama mzee amekufungia ulimi kwa sanduku mpaka siku ya harusi?"

Sasa, Gordon ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kwanza. Asubuhi akina mama walipogoma kuzipinga mashine, alipita mbele yao amekaa juu yake, akapiga honi. Jibu lake nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelinoa miaka, nikalipunguza neno moja moja mpaka likabaki fupi na likakata pande zote mbili. Hapa palikuwa mahali pake hasa. Na kati ya jibu langu na Gordon alisimama pongo, sikio moja kwake, sikio moja kwangu, akingoja ajue ni nani wa kumkimbia.

Sikulisema. Nilibana meno, mbu akatua kwenye kope yangu akanywa alichotaka.

Gordon akachoka. Hakuna raha kumtukana mtu asiyejibu. Hilo sikuwahi kulijua, maana hakuna aliyewahi kulijaribu nami. "Haya, salimia mkwe," akasema, akaenda zake. Upepo ukanipita mgongoni, ukamfikia pongo. Akashuka mtoni polepole, akanywa kwanza, akavuka. Upande wa pili msitu ulifunguka kidogo, ukajifunga.

Mzee akatoka kwenye matete, suruali imelowa hadi mapajani. Alitazama ng'ambo muda mrefu. Kisha akaanza kuongea.

Hakunyamaza tena. Njia nzima ya kurudi alinieleza pongo wa babu yake, na pongo wa mwaka wa njaa, na jinsi wanawe wakipiga simu kutoka Qatar huuliza afya, huuliza mvua, kisha simu inakatika. Sijui ni lini mtu alikuwa amemsikiliza mara ya mwisho. Karibu na boma akasema, katikati ya habari nyingine kabisa, "Watu wako wakuje Jumapili baada ya kanisa. Walete mtu anajua kuongea. Wewe siku hiyo huna neno, ni wazee tu."

Nelvine alitupokea mlangoni na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Akaniangalia kuanzia nywele hadi viatu.

"Mlimpeleka?"

Nikafungua mdomo. Baba yake akaniwahi. Akamweleza yote, amesimama, mikono ikichora hewani: jinsi pongo alivyobweka, jinsi Gordon alivyoaibika, na eti yeye ndiye aliyeona kila kitu kutoka upande wa njia, nami nikiwa kule chini kwenye matete nimekwama.

Nelvine akanigeukia. "Ni kweli?"

Chai ilikuwa moto. Nikaipuliza.

"Msikilize baba," nikasema.