Hatua Arobaini za Ojakol

Tepu ya Robinson iliishia kwenye mgomba wa tatu, na kigingi kikapigwa hapo hapo. Akiteng, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi na goti lake bovu, alitazama upande wa pili wa kigingi. Jiko lake lilikuwa kule. Kaburi la mumewe Ojakol lilikuwa kule.

"Hapo si mpaka, boss," alisema.

"Karatasi yenu imesema hatua arobaini kutoka barabarani," Robinson, mpima ardhi, alijibu bila kuinua macho. "Hatua moja ni sentimita sabini na tano. Mara arobaini, mita thelathini. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, mama."

Etyang, mwenye yadi ya malori kule Malaba, alikuwa ameegemea gari lake, lile lile lililomleta mpima. Shamba la jirani alikwisha kulinunua lote kwa wana wa marehemu Olinga. Alikuwa na haraka. Malori hayalali hewani.

Akiteng aliikumbuka siku yeye na mumewe waliponunua kipande chao kwa Olinga. Hapa Moding mnunuzi ndiye aliyetembea na muuzaji akahesabu, na Olinga alihesabu huku akilalamika, maana Ojakol alikuwa twiga wa mtu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mwalimu mmoja akaandika "hatua arobaini", asiandike za nani. Nani angeuliza? Wote walikuwapo. Sasa wote wamekwisha, amebaki yeye, na amechoka.

"Hatua ya mzee ilikuwa mita nzima na zaidi. Huyo mtu alikuwa mrefu!"

"Basi aje atembee tuone," alisema Etyang.

Robinson akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyenunuliwa chakula cha mchana.

Akiteng alivuka kigingi. Alipiga magoti kichwani pa kaburi, akauma meno kwa maumivu, akatandaza vidole toka gumba hadi kidole cha mwisho, akaanza kuipima saruji. Shibiri moja. Mbili. Tatu. Alisota hivyo mpaka miguuni.

"Kumi na mbili!" alisema akihema. "Jeneza lilikataa kuingia, tukachimba tena. Mtu wa kulala hapa atatembea hizo sentimita zako?"

"Shibiri si kipimo, mama."

Lakini Robinson alikuja. Alinyoosha tepu juu ya kaburi kutoka mwisho hadi mwisho, akaikazia macho, akafungua daftari. Akiteng aliifuata kalamu kwa macho. Mungu wangu, ameona. Anaandika.

"Mita mbili na sentimita thelathini," Robinson alimsomea Etyang. "Kaburi moja. La kuhamishwa."

Akaikunja tepu, wakaenda kupiga kigingi cha pili. Akiteng alibaki pale pale kwenye shibiri ya kumi na mbili, vidole vimetandazwa juu ya saruji, akiogopa kuuondoa mkono asije akapoteza hesabu.