Nafasi ya Kuombolezea

Hadithi hii hakuna anayeijua vizuri kuliko mimi, tangu Migori mpaka Homa Bay. Ni kweli, wengi walioijua wamekufa, na waliobaki hakuna anayewauliza.

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, maofisi yalikuwa yakibadilisha mabwana kama kitanda cha hoteli, na kila mzazi mwenye binti aliyemaliza shule alitaka binti huyo ajue taipu. Pale Homa Bay, Noordin mwenye duka la vitambaa karibu na gati aliona mbali. Alinunua mashine za taipu zilizochoka, akazipanga katika nyumba ya mbao nyuma ya duka lake, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande. Panya walipanda. Kisha akamwajiri Marcella awe mwalimu.

Marcella alikuwa amefundishwa taipu Kisumu, na alikuwa mke wa Cephas, karani wa pamba, mtu wa Migori. Darasani kwake wanafunzi walifunikwa mikono kwa kitambaa wasione herufi. Yeye naye alifumba macho, akatembea nyuma yao na rula mkononi, akisikiliza. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: baada ya nukta, nafasi mbili. Kidole gumba kipige kile kitufe kirefu cha chini, ndu-ndu, ndipo sentensi nyingine ianze. Ukipiga ndu moja tu, hata mashine zote zikiwa zinarindima kama mvua juu ya mabati, ungesikia mgongoni: "Roselyn. Nafasi moja." Na nyuma ya sauti ilikuja rula, ikitafuta kidole chenye hatia.

Noordin alikuwa akiwaacha wateja wakishika vitambaa, anawaita waje waone. "Watu wengine husikia maneno," alijigamba. "Mwalimu wangu anasikia pale ambapo hakuna neno!"

Kisha ikaja homa. Ilimshika Cephas Jumapili na kumlaza kaburini kabla ya Jumapili nyingine. Marcella ilimshika vilevile, akadungwa sindano za kwinini mpaka kitanda kikawa kinazunguka na masikio yakawa yanaimba kama nzige. Siku nzige waliponyamaza, kila kitu kilinyamaza nao. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La Marcella liliuawa na dawa yenyewe.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na jina.

Baada ya matanga, Nicanor, nduguye Cephas, alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa. Yeye ndiye ambaye ukoo ulimteua awe jater, mwenye kumrithi mjane. Warithi wengine ni watu wema. Wanalima shamba la mjane, wanaezeka paa lake, wanakwenda zao. Nicanor alikuwa na wake wawili hai na mmoja aliyezikwa. Akina mama waliouosha mwili wa huyo wa tatu walirudi makwao bila kuongea, na wanawake wa Migori wakinyamaza, mjue kuna jambo.

Marcella aliwaambia wazee ana kazi Homa Bay, na watoto wa watu wanamngoja. Wazee wakashauriana, wakasema: basi, maadamu ana kazi, aachwe kazini. Kazi ikimtoka, arudi nyumbani.

Nicanor alitabasamu. "Nitangoja, chi owadwa," alisema. Mke wa ndugu yetu. Marcella aliyaona maneno hayo yakitoka kwenye midomo, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasoma vizuri bila kuyasikia.

Kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyokuwa ukuta kati yake na mlango wa Nicanor. Na kazi ile ilikuwa ya masikio.

Mbao zilimwokoa. Siku aliyorudi darasani alifumba macho kama zamani, miguu ndani ya raba zilizolika soli, akaanza kutembea akiwa amekata tamaa. Ndipo akaisikia taipu kwa nyayo. Herufi zilikuja kama manyunyu, na kidole gumba kama tone zito la mwisho wa paa. Ukisimama juu ya ubao wa msichana, ubao unamsema. Ndu-ndu. Ndu-ndu. Ndu.

"Priscah. Nafasi moja."

Akaishi hivyo. Midomo nayo akajifunza kuisoma. Wauza samaki walikuwa rahisi, maana hufungua kinywa kama wanaonyesha kwamba hawajaficha kitu. Ruqia, mke wa Noordin, alisomeka. Noordin mwenyewe, hapana. Noordin alikuwa na ndevu, ndevu za mtu anayejiheshimu, zilizofunika mdomo kama nyasi za paa zinavyofunika mlango wa nyumba iliyohamwa. Humo Marcella hakuambulia hata silabi. Kwa hiyo alimtengenezea jibu moja la kudumu: "Sawa, Bwana Noordin." Mwajiri gani atalalamikia jibu hilo?

Kuliko wote, aliyesomeka vizuri alikuwa Filister, binti wa mwanamke muuza samaki. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo mpana na ulimi unaochoma kama mwiba wa samaki ngege. Mama yake alikuwa ametoka kapa mara nyingi sokoni ili yeye akae mbele ya mashine, na hapakuwa na aliyepiga taipu kumshinda. Wala hapakuwa na aliyeuliza maswali kumshinda.

"Mwalimu, hizi nafasi mbili ni za nini? Moja haitoshi?"

"Haitoshi."

"Yawa! Hata maiti hupewa kaburi moja tu."

"Na matanga je?" Marcella alimwambia. "Sentensi ikifika kwenye nukta imekufa, nyathina, mwanangu. Nafasi ya kwanza ni ya kuizika. Ya pili ni ya kuiombolezea. Ukiweka moja tu, sentensi mpya inaingia nyumbani udongo haujakauka."

Aliyaona meno ya darasa zima. Alicheka nao, kisha akamkumbuka Nicanor kwenye kile kiti, akawarudisha kwenye mashine.

Asubuhi moja Noordin alikuja mlangoni, ndevu zikatikisika kwa muda mrefu. Alionyesha nyumba, akaonyesha kiwanja, akapanua mikono kama mtu anayepokea mgeni.

"Sawa, Bwana Noordin," alisema Marcella.

Noordin alifurahi hata akamwita mke wake. Na siku mafundi walipoanza kung'oa mbao, Marcella alikimbia uani kama anayeunguliwa na nyumba.

"Wanafanya nini? Wanafanya nini?"

Ruqia alimshangaa. "Si chumba kipya cha simiti, Mwalimu? Mzee alisema mbao zimeliwa na mchwa. Alikuuliza kwanza, akasema mwenye darasa akikataa anaacha. Wewe si ndiye ulisema sawa?"

Mbao ziliuzwa kwa wakaanga samaki. Marcella aliona darasa lake likipanda angani kama moshi, likinuka mafuta.

Chumba kipya kilikuwa kizuri, si mimi wa kukisingizia. Sakafu iling'aa, kuta zilipakwa chokaa. Marcella alifumba macho, akatembea, na chini ya nyayo zake hapakuwa na kitu. Simiti ilikuwa baridi na bubu kama uso wa hakimu. Alivua raba, akajaribu pekupeku. Hakuna. Alishika meza kwa kiganja, lakini wasichana walimtazama, akatoa kiganja.

Angeweza kufumbua macho na kuchungulia karatasi kama walimu wengine. Lakini macho kila mtu anayo. Noordin alikuwa akilipisha wazazi masikio.

Basi akaanza kubahatisha.

Siku ya kwanza alimtaja Roselyn, na Roselyn, ambaye dhamiri yake haikuwa safi kwa jambo lolote, aliomba msamaha. Siku zilizofuata mambo hayakwenda hivyo. Mwalimu asiyeadhibu angeshukiwa, kwa hiyo aliadhibu. Na mkono wake ukajikuta ukimwendea Filister mara nyingi kuliko wote. Unadhani ni kwa chuki? Afadhali ingekuwa chuki. Ni kwa sababu mdomo wa Filister ulisomeka. Akikana, Marcella angeweza kumjibu. Wale wenye midomo midogo wangekana, naye angebaki amesimama kama mti.

"Filister. Nafasi moja."

Filister alichomoa karatasi kwenye mashine. "Hii hapa, Mwalimu. Tazama mwenyewe. Mbili. Hapa mbili. Na hapa mbili."

Marcella alitazama. Zilikuwa mbili kila mahali, safi, kama mapengo ya meno yaliyong'olewa kwa mpangilio.

"Karatasi hudanganya," alisema. "Sikio langu halidanganyi. Lete kidole."

Rula ile ilikuwa na ukingo wa chuma.

Alimpiga siku hiyo, na kesho yake, na siku nyingine. Kidole gumba kilivimba, ukucha ukawa mweusi, halafu ukaanza kuinuka pembeni na kutoa maji. Na ilikuwa juma lile lile ambalo Filister alikwenda kujaribiwa katika ofisi moja pale mjini, iliyotaka mpiga taipu. Mama yake alikuwa amemwazimia viatu. Alirudi mchana viatu akiwa amevishika mkononi. Ruqia ndiye aliyemsimulia Marcella: mtoto alianza vizuri, ikaja nukta, akapiga nafasi ya kwanza kwa machozi na ya pili kwa kilio, na mwisho akawa anarusha sentensi zote bila nafasi, zikagongana kama ng'ombe mlangoni pa josho. Wakamchukua mwingine.

"Huyo mtoto ungemwacha apone, Mwalimu," Ruqia alisema.

"Sheria ni sheria," alijibu Marcella. Usiku huo hakula. Asubuhi alibeba rula yake kama kawaida, kwa sababu Nicanor hakuwa ameacha kungoja.

Filister alirudi darasani, kidole kimefungwa kitambaa. Hakuuliza tena maswali. Siku moja Marcella alikuwa ameelekea dirishani akipanga karatasi, akaona uso wa Roselyn umebadilika, macho makubwa, kiganja mdomoni. Akageuka. Filister alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, na ule mdomo mpana ndio kwanza unajifunga.

"Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nakusalimu, Mwalimu," alisema Filister pole pole. "Nimekusalimu sana."

Ikafika siku ya Noordin kufungua rasmi chumba chake. Alialika wazazi, akaweka soda na biskuti, akavaa kanzu ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Mama yake Filister alikaa nyuma, mikono juu ya magoti. Na mlangoni, amevaa koti la Cephas, aliingia Nicanor.

Koti lilimbana mabegani. Marcella alilijua kila kifungo. Viwili alivishona yeye.

"Chi owadwa," alisema Nicanor. "Kule Migori watu wanasema masikio yako alizikwa nayo ndugu yangu."

"Watu wa Migori wanasema mengi, shemeji. Si nimekusikia?"

"Umenisikia." Alimtazama kwa muda, kichwa upande, kama anayetazama ng'ombe mnadani. Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo, kama anayejikuna masharubu, na masikio yake yakawa yanapanda na kushuka jinsi yanavyofanya mtu anapoongea.

Marcella hakungoja amalize. Aligeuka, akapiga makofi. "Wasichana, kaeni. Tunaanza."

Ndevu za Noordin ziliwahutubia wazazi, mkono mmoja ukigusa sikio, mwingine ukimwelekeza yeye. Vitambaa vikatandazwa juu ya mikono. Marcella aliinua rula. "Haya," alisema, "pigeni," akafumba macho.

Ndani mule hapakuwa na mwanga wala sauti. Palikuwa na harufu ya chokaa mbichi, na biskuti, na koti la Cephas, lililokuwa bado na harufu ya Cephas. Alitembea. Aliacha muda upite kiasi cha ukurasa kufika katikati. Alitaka kumtaja Roselyn. Lakini Roselyn leo alikuwa na baba yake hapa, na je, akikana? Alihitaji jina moja ambalo mdomo wake angeuelewa. Alijiambia hatapiga. Leo atataja tu.

"Filister," alisema. "Nafasi moja."

Alisimama akiwa amefumba macho, ili wamwone vizuri.

"Usibishe. Nimeisikia. Umepiga moja, ukaendelea mbio mpaka kengele ya mwisho wa mstari. Kila mtu humu ameisikia."

Hakuguswa na mtu. Upepo wa mlangoni ulipita miguuni mwake. Akangoja kidogo, kisha akafumbua macho.

Wasichana wote walikuwa wamekunja mikono kifuani. Vitambaa vilikuwa vimelala juu ya mashine kama sanda ndogo ndogo. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyecheka. Ndevu za Noordin zilikuwa zimesimama kabisa, na kwa mara ya kwanza Marcella alielewa zinasema nini. Kule nyuma, Nicanor alikuwa ameshainuka, anafunga koti, kifungo baada ya kifungo.

Filister aliweka kidole chake kilichofungwa juu ya mashine, akaufungua ule mdomo wake mpana, pole pole, ili hata herufi moja isipotee.

"Hatujaanza, Mwalimu."