Kapteni Lacefield na Mchanga wa Tarpley

Kila Septemba, siku ya sherehe ya mji, Meya Thurman Lacefield alitusimulia jinsi mji wetu wa Tarpley ulivyoanza. Eti babu yake wa zamani, Kapteni Lacefield, alikuwa akipita na meli katika mto Tombigbee, akauona ukingo wetu mweupe, machozi yakamtoka, akasema, "Hapa ndipo nyumbani."

Bi Verlene Pettway, mkutubi wetu, alikuwa na barua ya mke wa Kapteni. Huo ulikuwa mwaka wa nne akiomba kuisoma siku ya sherehe.

"Mwakani, Bi Verlene," Meya alimwambia. "Ratiba imejaa."

Siku ya sherehe tulikuwa kwenye boti ya kukodi, watu sitini, mimi nikikaanga kambare. Meya akamwamuru nahodha asogee karibu na ukingo ili tuuone vizuri.

"Maji haba hapo, mzee."

"Unanifundisha mto, wewe? Sogea!"

Akasogea. Boti ikaguna, sahani zikateleza, keki ikamwangukia mchungaji mapajani. Tukakwama. Nahodha akapiga simu. Boti ya kutuvuta ingefika baada ya muda wa saa tano.

Bi Verlene akafungua mkoba. "Mheshimiwa, ratiba bado imejaa?"

"Soma, mama!" watu wakapiga kelele.

Akavaa miwani. "'Dada mpendwa, leo ni siku ya tisa tumekwama mchangani. Elias, mtumwa anayeshika usukani, alimwonya mume wangu mara tatu. Hakusikia. Sasa mume wangu analia kila asubuhi. Tusingekuwa na samaki wa Elias, tungekufa njaa. Abiria wamechoka kungoja, wameanza kujenga vibanda.'"

 Mchungaji akacheka hadi keki ikamdondoka mapajani, na boti nzima ikafuata. Bi Verlene hakucheka. Alikunja barua taratibu.

"Elias huyo ni wa ukoo wetu," akasema. "Pettway. Hata jina lake hamjawahi kulitaja."

Kicheko kikakatika. Meya alikuwa mwekundu kama nyanya.

"Walitokaje hapo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hawakutoka, Thurman. Ndiyo maana tupo."

 Meya akavua viatu, akakunja suruali, akarukia majini. Tulipiga mayowe, lakini maji yalimfika magotini tu.

"Bi Verlene, njoo nikubebe."

"Unibebe wewe? Umeshindwa na boti! Shika mkoba."

Akaushika juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatangulia. Bi Verlene akafuata, amelikunja gauni mkononi, nasi nyuma yake, mimi na sufuria yangu ya kambare. Tukavuka shamba la soya la mtu hadi barabarani. Dereva wa lori akasimama, akatutazama tunavyochuruzika maji.

"Nyie mmetoka wapi?"

Tukamtazama Meya.

"Tulikwama, bwana," akasema. "Nilionywa, sikusikia."

Dereva akawapakia wazee kwanza. Sisi wengine tukaketi kando ya barabara tukamaliza kambare, wamepoa lakini watamu.