Kikombe cha Ardika

Nyumbani kwetu Sukawati, lenzi zinalala kwenye kabati la umeme linalokausha hewa, pamoja na mashati ya mume wangu ya hekaluni, na kebaya zangu, blauzi za lesi za kuendea hekaluni, zinalala kwenye kapu la plastiki. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihukumu bure. Mume wangu Ardika husema unyevu wa huku huotesha kuvu hata kwenye kioo. Mimi humjibu kwamba kuvu haibagui, na lesi pia inaipenda.

Ardika hupiga picha za harusi na za sherehe za kuchonga meno. Ana lenzi ya nyuso, ana lenzi pana ya kuingiza ukoo mzima pamoja na wale waliokuja kula tu, ana ndefu ya kuvizia watu wakilia, na ana ndogo ya kupigia pete, ambayo hata chawa angetoka mzuri. Kamera mpya anazo mbili, zina akili kuliko mashemeji zangu wote. Lakini mwulize kipenzi chake ni kipi, atakunyanyulia Dadong.

Dadong, yaani bibi, ndiyo kamera yake ya kwanza ya dijitali. Mpira wake umebanduka, kaubandika kwa plasta ya vidonda, na kila akifyatua, bibi anakohoa.

"Rangi ya ngozi, Asih!" huniambia. "Hizi mpya zinafanya ngozi kama sabuni. Dadong anafanya ngozi kama ngozi."

Siwezi kumbishia sana, maana picha ya kwanza aliyonipiga maishani ilitoka kwa Dadong. Nimejitwika matunda ya sadaka, nimenuna, kwa kuwa kijana nisiyemjua kasimama katikati ya njia yangu na hataki kupisha.

Basi kabati likajaa. Lenzi moja ikahamia kwenye rafu ya nguo zangu za ndani. Hapo nikamshika mkono nikampeleka mbele ya madhabahu ya ukoo, na mama yake, Meme, akiwa shahidi, Ardika akaapa: "Nikinunua lenzi nyingine, Dadong atoke mikononi mwangu." Kiapo cha pale hakichezewi. Hata Meme, ambaye hucheka misibani, siku ile hakucheka.

Haukupita muda kikaja kifurushi.

"Nini hicho, Bli?" nikamwuliza. Bli ni kaka, ndivyo tunavyowaita waume zetu, hata wakiwa waongo.

"Kikombe."

"Kikombe?"

"Vile vya kuchekesha wapiga picha, vyenye umbo la lenzi. Nimepewa zawadi."

Ni kweli vikombe hivyo vipo, rafiki yake anacho kimoja, anakinywea kahawa na kujiona mjanja. Nikasema haya. Asubuhi yake nikamkuta mezani na kikombe chake cheusi, kifuniko kimekazwa.

"Sasa si unywe?"

Akakiinua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akakipuliza, akavuta hewa kwa sauti. "Moto," akasema.

"Sukari imetosha?"

"Imetosha kabisa, mke wangu."

Ikawa hivyo kila siku. Mtu mzima, baba wa watu, anakunywa upepo mbele yangu na kujifuta midomo. Kisha anakifuta kikombe kwa kitambaa laini na kukipuliza vumbi kwa kipampu cha mpira. Siku moja akiwa anaoga, nilikifungua. Ndani mlikuwa na kioo kikubwa cha kung'aa, na ndani ya kioo nilikuwamo mimi, miguu juu kichwa chini, nimekasirika.

Ningeweza kumfumua palepale. Lakini Tumpek Landep ilikuwa inakaribia, nikajiambia, Asih, tulia. Siku hiyo kila chombo cha chuma kinatolewa nje na kupewa sadaka yake: visu, pikipiki, cherehani, kamera. Ukikisahau kimoja, kinanuna. Ardika anaiamini siku hiyo kuliko anavyoniamini mimi. Kuna mwaka alisahau kuitoa flashi, nayo ikamfia harusini wakati bwana harusi anapiga magoti. Nilijua hataweza kukiacha kikombe chake ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku ilipofika, tulitandika mkeka uani. Pikipiki ilivishwa makuti yaliyosukwa, ikapendeza kuliko nilivyopendeza mimi siku ya harusi. Kamera na lenzi zikapangwa. Visahani vya maua navisuka mimi, na safari hii nilisuka kimoja cha ziada, nikanyamaza. Kwa kuwa Ardika huwa anasali, kazi ya kupiga picha ya kumbukumbu ni yangu, tena kwa Dadong, kwa sababu Dadong ndiye mkubwa wa ukoo.

Meme akaja na maji matakatifu. Akasimama.

"Hiki kikombe kinafanya nini hapa?"

Ardika akameza mate. "Kina... kina chuma kidogo, Meme."

"Kumbe! Hata sufuria ina chuma."

"Ndiyo, lakini..."

Meme hakungoja lakini. Aliingia jikoni akatoka na sufuria, akarudi akaleta upawa, akarudi tena akaleta mbuzi wa kukunia nazi na ndoo yenye mpini wa waya. Vyote akavipanga katikati ya lenzi. Sadaka zikagawanywa upya, upawa ukakaa ubavuni mwa ile lenzi ndefu kama mchumba wake. Meme akasali, akanyunyiza maji. Kila tone lililoangukia kamera, Ardika alifumba jicho moja.

Nilidhani ameponyoka. Naye alidhani hivyo, maana alianza kutabasamu.

Lakini vya sadaka, vikishaombewa, huliwa. Meme akachukua birika la kahawa, kahawa yetu isiyochujwa, yenye machicha mazito kama tope. "Kikombe kimebarikiwa," akasema, "basi mimi mzee nianze kukinywea." Akakiokota.

Macho yake hayaoni vizuri. Akafungua kifuniko cha mbele, akagonga kioo kwa ukucha. "Huku kumezibwa." Akakigeuza, akafungua cha nyuma, akaingiza kidole. "Aa, mdomo uko huku. Vikombe vya siku hizi!"

Akainua birika.

Mimi nilikuwa nimeshamlenga Ardika kwa Dadong. Alikuwa katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akanitazama mimi, akamtazama Dadong mikononi mwangu, akatazama birika linavyoinama. Niliona hasa anachopima, lenzi au bibi, na kusema kweli moyo uliniuma.

"Meme, usimwage! Ni lenzi! Ni lenziii!"

Akaruka. Alipita juu ya pikipiki, makuti yakamzonga shingoni, akatua ndani ya ndoo, na kikombe kakidaka kifuani. Dadong akakohoa.

 Meme akaweka birika chini. "Mwezi mzima ulikuwa unakunywa nini, mwanangu?"

Ardika akajitoa ndooni. Alivua makuti shingoni, akaja mbele yangu na macho yamejaa machozi. "Nimeapa," akasema. "Nitamtafutia Dadong mtu wa kumtunza. Asiwe mtu wa kumwangusha."

"Uliapa atoke mikononi mwako," nikasema. "Basi keshatoka. Angalia yuko wapi."

Akaangalia. Dadong alikuwa ananing'inia shingoni mwangu, na kwenye kioo chake cha nyuma yumo Ardika angani, miguu imetawanyika, kila jani la kuti linahesabika, na ngozi kama ngozi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Umepata kila kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata mate."

Tangu hapo Dadong ni wangu. Nampeleka sokoni, nampeleka hekaluni, nimewapiga picha jogoo wote wa mtaa. Tatizo ni kwamba jogoo hawasogei karibu, na lenzi za Ardika haziazimwi hivihivi.

Wiki iliyopita kilifika kifurushi chenye jina langu. Ardika alikipokea mlangoni, akakipima uzito kwa mkono.

"Nini hiki, Asih?"

"Kikombe," nikamwambia.

 Alikwenda kabatini, akatoa mashati yake ya hekaluni kukipisha kikombe, akayakunja vizuri na kuyalaza kwenye kapu la plastiki, juu ya kebaya zangu.